Kuuliza Si Ujinga: Kuusoma Upya Mfalme Edipode

Nilipokuwa kidato cha tano, mwalimu wetu wa fasihi alituandikia ubaoni swali hili: "Binadamu hawezi kuyakwepa majaaliwa yake. Jadili kwa kurejelea tamthilia moja uliyoisoma." Mimi nilichagua Mfalme Edipode, tamthilia ya Mgiriki Sophocles katika tafsiri ya S. S. Mushi iliyotoka mwaka 1971. Niliandika kurasa sita, nikamalizia kwa methali isemayo kwamba la kuvunda halina ubani, na nikapata alama ya juu kuliko wenzangu wote. Insha ile ninayo mpaka leo, ndani ya bahasha ambayo mende wameila pembeni. Nimeitoa na kuisoma tena hivi karibuni, na nakiri kwamba sehemu kubwa ya niliyoyaandika humo siyaamini tena.

Kwa hiyo makala haya ni ya kujisahihisha. Nataka kueleza kwa nini nadhani tamthilia ile aghalabu tunaisoma vibaya, na nitaeleza pia ni wapi nilipoanza kuishuku insha yangu. Ilikuwa katika wiki sita nilizokaa Ugiriki, kiangazi kimoja mwishoni mwa miaka ya tisini, nikiwa mwanafunzi. Mambo hayo mawili, kitabu na safari, siwezi kuyatenganisha, na ndugu msomaji ataiona sababu huko mbele.

Kwanza hadithi yenyewe kwa ufupi, kwa ajili ya yule ambaye hakuisoma. Laius na mkewe Jocasta, watawala wa mji wa Thebes, waliaguliwa kwamba mtoto wao atamuua baba yake. Mtoto alipozaliwa walimtoboa vifundo vya miguu, wakamkabidhi mchungaji akamtupe mlimani afe. Mchungaji akaona huruma, akampa mchungaji mwenziwe kutoka Corinth, ile Korintho ya nyaraka za Paulo. Huko mfalme Polybus, ambaye hakuwa na mtoto, akamlea kama wake. Ndiye Oedipus, ambaye jina lake lina maana ya mguu uliovimba. Alipokuwa kijana alikwenda Delphi kwa Apollo, akaambiwa atamuua baba yake na kumwoa mama yake. Akaapa hatarudi Corinth. Njiani, penye njia panda, akagombana na mzee mmoja aliyekuwa juu ya gari la farasi, akamuua pamoja na watu wake. Alipofika Thebes akategua kitendawili cha dubwana lililokuwa likiutesa mji, wakamfanya mfalme, akamwoa malkia mjane. Baada ya miaka mingi likaja gonjwa la kuua. Apollo akasema gonjwa halitaondoka mpaka aliyemuua Laius apatikane. Hapo ndipo tamthilia inapoanza.

Wakati huo nilikuwa Uingereza nasomea shahada ya pili, na utafiti wangu ulihusu tamthilia za kigeni zilizotafsiriwa kwa Kiswahili. Siku moja nikaona tangazo ukutani la kozi ya kiangazi huko Ugiriki: wiki sita, mji baada ya mji, kujifunza utamaduni wa kale. Idara ikakubali kunilipia. Tulikuwa wanafunzi kumi na wanane kutoka nchi mbalimbali, walimu wawili, na basi moja lenye kipoza hewa kilichofanya kazi siku kilipojisikia. Mimi nilibeba kijitabu changu cha Mfalme Edipode, nikajiona nimejiandaa kuliko wote.

Nisiwe mwizi wa fadhila. Kozi ile ilinipa vitu ambavyo maktaba isingenipa. Lakini ilikuwa na kasoro moja ambayo sasa naiona ni kasoro ya safari nyingi za namna ile: tulipewa majibu kabla hatujapata muda wa kuwa na maswali. Athens tulipanda mlima wa Acropolis asubuhi, na jua lilipokuwa kali tukateremka upande wa kusini kwenye ukumbi wa maigizo wa Dionysus. Tukakaa hapo dakika ishirini, kwa sababu chakula cha mchana kilikuwa kinatungoja. Hapo ndipo tamthilia za Sophocles zilipochezwa mara ya kwanza, na watu waliokuwa na saa nzima ya kununua kadi za picha walipewa dakika ishirini za mahali hapo. Viti vya mawe tulivyovikuta si vile alivyoviona yeye. Sophocles alifariki mwaka 406 kabla ya Kristo, na ukumbi ulijengwa kwa mawe kwa ukamilifu kiasi cha miaka sabini baadaye. Watazamaji wake wengi walikaa juu ya mbao. Tena mashindano ambamo tamthilia hii ilichezwa hakuyashinda, alipata nafasi ya pili. Mambo hayo niliyajua baadaye, kwa kusoma. Pale nilipiga picha tu.

Wiki ya tatu tukafika Epidaurus. Huko kuna ukumbi wa wazi wa karne ya nne kabla ya Kristo, uliochongwa katika ubavu wa kilima kama nusu ya bakuli, wenye safu 55 za viti vya mawe na nafasi ya watu wapatao elfu kumi na nne. Ulijengwa baada ya Sophocles kufa, lakini ndio uliosalimika vizuri kuliko nyingine, na kwa hiyo ndio watu wanaoufikiria wanapolisikia jina lake. Mwongoza watalii alitupandisha mpaka safu za juu kabisa. Yeye akashuka, akasimama katikati ya duara la kuchezea, akatutangazia kwamba ataangusha sarafu na kwamba kila mmoja wetu ataisikia. Akaangusha drakma moja. Tukaisikia! Tukapiga makofi, nami nikaandika katika daftari: "Sarafu inasikika mpaka juu."

Sasa, mwaka 2017 wataalamu wa sauti kutoka chuo kikuu cha teknolojia cha Eindhoven, Uholanzi, walitangaza matokeo ya vipimo walivyochukua katika ukumbi huohuo. Walikuta kwamba sarafu ikianguka, mtu wa safu za juu atatambua kuwa kuna sauti fulani, lakini hawezi kujua kwamba ni sarafu. Kulijua hilo inabidi awe amekaa kiasi cha katikati au chini zaidi. Na mnong'ono unaeleweka na walioko mbele kabisa tu. Ukumbi ni mzuri ajabu kwa sauti ya mwigizaji anayepaza, hilo halina ubishi, lakini ile hadithi ya sarafu imetiwa chumvi. Niliposoma habari hiyo nilicheka, kisha nikaacha kucheka. Mimi nilikuwa safu ya juu. Nilisikia kitu, na kwa kuwa nilikuwa nimekwisha kuambiwa ni sarafu, nikasikia sarafu.

Nadhani hivyo ndivyo nilivyoisoma tamthilia yenyewe kidato cha tano. Niliambiwa majaaliwa, nikasikia majaaliwa.

Hebu tuitazame upya. Jambo la kwanza ambalo msomaji hulisahau ni kwamba yale yaliyoaguliwa hayatokei katika tamthilia. Oedipus amekwisha kumuua baba yake, na amekwisha kumwoa mama yake na kuzaa naye watoto wanne. Yote hayo yamepita zamani pazia linapofunguliwa. Kinachotokea mbele ya macho yetu, katika siku moja, ni kitu kimoja tu: mtu anauliza maswali. Anamwuliza shemeji yake Creon aliyetoka Delphi. Anamwuliza Tiresias, kipofu mwenye kuona mambo. Anamwuliza mkewe namna Laius alivyouawa, wapi, lini, na alikuwa na watu wangapi. Anamwuliza mjumbe wa Corinth, anamwuliza mchungaji mzee. Hakuna mungu anayeshuka kumlazimisha. Na mwishoni, akiwa amejipofua, watu wanapomwuliza nani aliyemsukuma, anajibu kwamba mateso yale yaliletwa na Apollo, ila mkono uliompiga machoni ulikuwa wake mwenyewe na si wa mwingine. Katika insha yangu sikulitaja jambo hilo hata kwa mstari mmoja, kwa sababu lingeniharibia hoja.

Jambo la pili ni hawa wanaojaribu kumzuia asiulize. Tiresias anaomba aachwe arudi kwake. Jocasta, ambaye ameng'amua kabla ya mumewe, anamsihi kwa jina la miungu aache kutafuta. Mchungaji analia asilazimishwe kusema. Hawa si watu wabaya hata kidogo, kila mmoja anamwonea huruma. Na tukirudi nyuma tunakuta huruma tupu: huruma ya mchungaji aliyeshindwa kumwacha mtoto afe, huruma ya Polybus na mkewe waliomlea bila kumwambia. Hata mjumbe wa Corinth anafunua siri kwa nia ya kumwondolea mfalme hofu. Sophocles hakuweka katika mchezo huu jambazi hata mmoja. Siri iliyomwangamiza Oedipus ilitunzwa miaka yote hiyo na watu waliompenda.

Pale Epidaurus, baada ya sarafu, mwalimu mmoja alituomba kila mtu ashuke katikati asome kipande kwa lugha ya kwao. Mimi nilisoma maneno ya Jocasta anapomsihi mumewe asiendelee kuuliza. Watalii waliokuwa wakipita walisimama kidogo kusikiliza lugha wasiyoijua. Nilisoma kwa sauti ya majivuno, na nilipomaliza nikawaelezea wenzangu kwamba Jocasta ndiye mwenye busara katika mchezo ule, na kwamba kosa la Oedipus ni udadisi.

Jioni ile tulilala Nafplio, mji mdogo wa pwani. Nikanunua kadi ya simu, nikapiga nyumbani Tanga, kazini kwa mjomba, maana nyumbani kwetu hapakuwa na simu. Ilikuwa saa kumi na mbili kasoro, na kiangazi saa za Ugiriki na za kwetu ni zilezile.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mwanangu. Masomo yanakwendaje?"

"Mazuri. Bibi hajambo?"

Akanyamaza kidogo. Nilikuwa nikiitazama kadi inavyohesabu.

"Bibi amepumzika," akasema. "Wewe soma."

Nikamwambia amsalimie. Akasema salamu zimefika. Kadi ikaisha.

Bibi huyo ndiye aliyenilea tangu nina miaka minne. Katika maisha yake yote sikumwona amelala saa hizo, maana alikuwa akitukemea watoto kwamba kulala magharibi kunaleta nuksi. Hilo nililijua. Na lile neno "amepumzika" nalijua lina maana ngapi katika lugha yetu, kwani mimi ni mwanafunzi wa lugha. Kitu kilinigonga kifuani, nikasimama na mkono wa simu kwa muda. Ningeweza kununua kadi nyingine, duka lilikuwa hatua kumi kutoka pale. Sikununua. Nilikwenda kula samaki na wenzangu.

Wiki mbili baadaye tukaondoka Athens kwenda Delphi. Barabara hiyo inaipitia njia ya Oedipus kinyumenyume: kwanza Thebes, halafu njia panda, halafu Delphi. Thebes hatukusimama. Mwalimu alisema hakuna mengi ya kuona, kwa kuwa Alexander aliubomoa mji mwaka 335 kabla ya Kristo na nyumba za leo zimejengwa juu ya ngome ya kale. Wengi wetu tulikuwa tumesinzia. Kwa hiyo katika wiki sita za kuchunguza utamaduni wa kale, mji ambamo tamthilia hii nzima inatokea niliuona kupitia kioo cha basi kwa muda wa kunywa chupa ya maji. Huko kuna jumba la makumbusho lililofunguliwa upya mwaka 2016 baada ya matengenezo makubwa. Natamani kwenda.

Baada ya mji wa Livadia, mwalimu alitunyooshea kidole mahali ambapo barabara hukutana kati ya milima, akasema kwa kawaida panadhaniwa kuwa ndipo penye njia panda ya Laius. Ni bonde kavu lenye mawe na vichaka vifupi. Nilichoshangaa ni jinsi palivyo karibu na Delphi. Mtu aliyetoka huko amefika hapo na maneno ya Apollo yakiwa bado moto sikioni mwake.

Na hapo Delphi ndipo kozi iliponilipa. Mji ule umejengwa juu katika miteremko ya mlima Parnassus, chini ya majabali makubwa. Hekalu la Apollo limebaki na nguzo chache. Maandishi maarufu ya kumtaka mtu ajitambue mwenyewe, ambayo waandishi wa kale wanasema yalikuwa mlangoni mwa hekalu, hayapo tena. Mwongozaji akatueleza kwamba yule mwanamke aliyetoa maneno ya Apollo alisema siku moja tu katika mwezi, siku ya saba, na miezi ya baridi hakusema kabisa. Watu walikuja kutoka mbali, wakapanga foleni, na wengi waliondoka bila kuelewa walichoambiwa. Wenzangu walikuwa wakiandika. Mimi nilikuwa natazama chini.

Ukisimama kwenye ukuta wa hekalu na kutazama kusini, unaona bonde lote limejaa mizeituni kama mkeka, na mwisho wa mizeituni kuna bahari inayong'aa. Nikauliza ni bahari gani. Nikajibiwa ni ghuba ya Corinth. Corinth wenyewe uko mwisho wa ghuba hiyohiyo, upande wa mashariki. Maana yake ni kwamba Oedipus alipotoka mlangoni pa Apollo, njia ya kurudi kwao ilikuwa mbele ya macho yake. Akaipa mgongo, akashika njia ya bara.

Usiku ule nikafungua kijitabu changu, nikasoma tena pale anapomsimulia Jocasta kwa nini alikwenda Delphi. Msomaji alisome fungu hilo polepole. Anasema kwamba siku moja karamuni mlevi alimtamkia kuwa yeye si mtoto wa baba yake. Akawauliza wazee wake. Wakamkasirikia mlevi, wakamtuliza yeye. Hakutulia. Akaenda kwa Apollo kwa siri kuuliza: wazazi wangu ni nani? Na Apollo hakumjibu swali hilo. Akamfukuza bila jibu, akamwambia jambo jingine la kutisha, kwamba atamuua baba na kumwoa mama. Naye Oedipus, kwa hofu, akalisahau swali lake. Kama bado alikuwa na shaka kuhusu baba yake, kumkimbia Polybus kulikuwa na maana gani? Alitakiwa abaki palepale mlangoni aseme: Bwana, hicho siyo nilichokuuliza. Au arudi Corinth akawabane wazee wake mpaka waseme. Hakufanya hivyo. Aliondoka, na kiasi cha mwendo wa siku moja mbele akakutana na mzee kwenye gari la farasi.

Hii ndiyo hoja yangu, na ndiyo iliyoifuta insha ya kidato cha tano. Tunafundishwa kwamba Oedipus aliangamia kwa kuuliza mno. Mimi nasema aliangamia kwa siku ile alipoacha kuuliza. Na aliacha tena alipofika Thebes. Alikalia kiti cha mfalme aliyeuawa, akalala katika kitanda chake, na kwa miaka yote hiyo hakuwahi kuulizia vizuri mtu huyo aliuawaje. Aristotle, aliyeisifu sana tamthilia hii katika kitabu chake cha ushairi, aliliona jambo hilo kuwa si la kuingia akilini, akaliachia kwa sababu limo nje ya matendo ya mchezo. Wahakiki wengi wamelichukua kama kasoro ndogo ya ufundi. Kwangu mimi si kasoro. Binadamu ndivyo tulivyo: kitu kinachotuhusu kuliko vyote ndicho tusichokiuliza, hasa tukiwa tumestarehe. Siku ya tamthilia ni siku ambayo hatimaye Oedipus anamalizia swali aliloliacha Delphi akiwa kijana. Analimalizia kwa gharama ya macho yake, lakini analimalizia, na mji unapata njia ya kupona.

Wako watakaosema afadhali asingejua, maana alikuwa na mke, watoto na heshima. Nawaelewa. Lakini watu wa Thebes walikuwa wanakufa nje ya mlango wake, na tamthilia inaanza na watoto na wazee waliokuja kumlilia. Wahenga wetu walilisema hilo bila kwenda Delphi: mficha maradhi, kifo humuumbua.

Kwa nini basi sisi tunasikia majaaliwa zaidi ya tunavyosikia maswali? Silaumu tafsiri. Nadhani ni mzigo wa maneno yenyewe. Tunaposema majaaliwa au kudra, nyuma ya neno yuko Mwenyezi Mungu ambaye ni mwingi wa rehema, na neno lenyewe linatupoza. Ndiyo maana tunalitamka matangani. Apollo wa Sophocles hayuko hivyo. Yeye anajua, anasema nusu, na hamfariji mtu. Msomaji wa Kiswahili anapotia kudra mahali pa Apollo anapata faraja ambayo mwandishi hakuiweka, na anafunga kitabu akiwa ametulia wakati alipaswa kufunga akiwa na maswali.

Lakini lugha yetu ina utajiri mwingine ambao unafidia. Mchezo mzima wa Sophocles unazungukia kuona na kujua. Katika Kigiriki cha kale neno la kusema "najua" limetokana na mzizi wa kuona, na sauti yake imo pia ndani ya jina la Oedipus. Mwingereza anahitaji maelezo ya chini ya ukurasa ili alipate hilo. Sisi tunalo mdomoni kila siku. Tunaona njaa, tunaona haya, tunaona baridi, na tukitaka kutoa mawazo yetu tunasema "naona". Mswahili anayesikia kwamba kipofu anaona na mwenye macho haoni halazimiki kufikiri mara mbili. Laiti mwalimu angetuuliza juu ya neno hilo badala ya majaaliwa.

Nilifika Tanga siku arobaini na nane baada ya kozi kuanza. Mjomba alikuja kunipokea stendi, na nilipomwona amekuja peke yake nilijua, ingawa nilikuwa nimejua tangu Nafplio. Bibi alifariki siku ya tano ya kozi. Arobaini yake ilikuwa imesomwa siku tatu kabla ya mimi kufika. Nilipolia mjomba alinishika bega akasema, "Tungekuambia ungefanya nini, mwanangu? Nauli huna, na masomo ungeyaacha." Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina lililo kamili. Mjomba ni mtoto wa yule bibi. Siku ile nilipompigia alikuwa amemzika mama yake wiki mbili tu zilizopita, akanisikiliza nikimwambia amsalimie, akasema salamu zimefika. Siwezi kumlaumu. Hakuniambia uongo hata kwa neno moja.

Lakini mimi je? Niliyesimama katikati ya ukumbi wa Epidaurus nikiwafundisha watu kwamba busara ni kutouliza, saa chache baadaye niliishika busara hiyo nikaenda kula samaki. Kama ningeuliza, ningelia Nafplio, na huenda nisingepata nauli vilevile. Ningeweza walau kuomba dua siku ya arobaini pamoja na wenzangu, kila mtu alipo. Wiki tatu nzima nilitembea katika magofu ya watu wengine nikiwa na swali mfukoni.

Jioni ya siku ile ya kufika, tulipotoka makaburini, nilimwomba mjomba tukae barazani. Nikamwuliza ilikuwa saa ngapi. Nikamwuliza nani alikuwa naye, nani alimwosha, na kama alisema neno lolote juu yangu. Mara ya kwanza alisita, akataka kunipa chai. Nikauliza tena. Akajibu yote, taratibu, moja baada ya jingine, mpaka ikaadhiniwa magharibi, na hakuna aliyeinuka kwenda kulala.